Maji yakishuka taratibu: korongo wa Corkscrew na hesabu ya milimita

Anayetaka kujua kama korongo watalea makinda mwaka huu katika kinamasi cha Corkscrew hana haja ya kuinua shingo kutafuta viota. Aangalie kijiti cha kupimia maji. Maji yakishuka milimita 2 hadi 7 kwa siku, wiki baada ya wiki, tangu Novemba mpaka Mei, makinda wataruka. Yakishuka kwa kasi kuliko hapo, chakula kitakwisha wakati viotani bado kuna midomo iliyo wazi. Yakipanda, hata kama ni sentimita chache tu, wazazi huacha mayai yapoe na kwenda zao. Tumezoea kusema kwamba ndege wa majini wanataka maji mengi. Wanachotaka hasa ni maji yanayoondoka, tena yaondoke taratibu.

Corkscrew iko kusini-magharibi mwa jimbo la Florida, Marekani, kaskazini-mashariki mwa mji wa Naples. Ni hifadhi ya takriban hekta 5,300 inayotunzwa na jumuiya ya kulinda ndege ya Audubon tangu mwaka 1954, wakati ambapo misumeno ilikuwa imekwisha kumaliza sehemu kubwa ya misaipresi mikongwe ya upande huo. Kilichonusurika hapo ni msitu wa kale wa msaipresi wa majini ulio mkubwa kuliko yote iliyobaki Amerika Kaskazini. Miti mingine imepita miaka 500 na kimo cha mita 30. Mwaka 2009 eneo hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Njia ya mbao ya kilomita 3.6 inapita humo, kuanzia penye misonobari, kuvuka mbuga ya majani yenye maji ya kina kifupi, kuingia penye misaipresi midogo, mpaka chini ya ile mikubwa.

Neno msaipresi likitajwa Kenya au Tanzania, akili inakimbilia kwenye ua uliokatwa vizuri mbele ya nyumba, au mashamba ya miti ya mbao huko nyanda za juu. Ule asili yake ni Mexico na nchi jirani, nao hukaa kijani mwaka mzima. Huu wa Florida ni ndugu wa mbali. Una majani membamba laini kama unyoya, na ifikapo Novemba yanageuka rangi ya kutu na kupukutika yote, ndiyo maana Wamarekani wanauita msaipresi kipara. Shina lake ni nene sana chini na hupungua ghafla juu, mithili ya chupa. Kuzunguka shina hutokeza magoti: vipande vya mizizi vilivyosimama wima kama vichuguu vya mbao, vingine vikizidi mita moja. Kwa muda mrefu watu wamefundishwa kwamba mti unapumulia magotini. Majaribio hayajathibitisha hilo, na miti iliyokatwa magoti huendelea kuishi. Maelezo mengine ni kwamba magoti huushikilia mti kwenye tope laini, au huhifadhi wanga.

Kabla ya kuwafikia ndege, lisomwe shina lenyewe, maana linasema mengi kuliko kibao chochote. Mwezi Februari, sogea karibu na msaipresi wowote ulio pembeni mwa njia. Sehemu ya chini ya gome ni ya kijivu iliyofifia, tupu, mara nyingine ina mabaki makavu ya mwani. Halafu, kwenye kimo fulani, kunaanza mabaka ya kuvumwani, yaani kuvu na mwani vinavyoishi kwa pamoja: meupe, ya kijani cha maziwa, na mengine mekundu kabisa kana kwamba mtu amepaka rangi kwa brashi. Mpaka huo umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula, nao unalingana shina kwa shina. Kuvumwani haivumilii kuzama kwa muda mrefu, kwa hiyo inakoma pale maji ya msimu wa mvua yanapofika. Pima kutoka mpaka huo hadi maji ya leo, utajua yameshuka kiasi gani. Ukiona kuvumwani changa imeshuka chini ya mpaka wa zamani kwa miti mingi, hapo kuna habari mbaya: miaka ya karibuni maji hayapandi tena hadi pale yalipozoea.

Mti huu nao unayategemea hayo hayo maji yanayoondoka. Koni zake hukomaa kuanzia Oktoba, mbegu zinaanguka majini na kuelea. Kulowana kunazifaa, kwa sababu ganda linalainika. Lakini haziwezi kuota zikiwa zimezama. Zinahitaji tope lililo wazi na lenye unyevu. Mche ukishachipua lazima urefuke upesi uweze kutoa kichwa nje mvua zitakaporudi, kwani ukifunikwa wote kwa wiki kadhaa unakufa. Kinamasi kinachokaa na maji mwaka mzima bila kukauka hata kidogo kinaweza kuwa na misaipresi mikubwa yenye afya na kisiwe na mche hata mmoja chini yake. Huo ni msitu wa wazee bila wajukuu.

Sasa mwaka wa maji wenyewe. Kusini mwa Florida hupata mvua ya kama milimita 1,300 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Juni na Oktoba. Nchi ni tambarare mno, mteremko wake ni sentimita chache tu kwa kila kilomita, kwa hiyo maji hayakimbii. Yanatambaa kama karatasi iliyotandazwa. Wakati wa mvua yanafunika mbuga za majani zilizokuwa kavu, na samaki wadogo wanaifuata hiyo nafasi mpya, wanazaliana, wanasambaa. Wapo wala viluwiluwi vya mbu wenye urefu wa kidole kimoja cha mtoto, wapo samaki wa jua wanaolingana na kiganja, wapo kamba wa majibaridi. Kamba hao ni ndugu wa wale wekundu waliopelekwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, ambao asili yao ni kusini mwa Marekani, kwa hiyo kuna wavuvi wa Kenya wanaowajua vizuri bila kujua walikotoka.

Samaki wakiwa wamesambaa, ndege ana kazi ya bure. Mita moja ya mraba inaweza kuwa na samaki mmoja au wawili, wamejificha majanini. Novemba mvua zikikatika, maji yanaanza kushuka, na kila sehemu iliyo juu kidogo inawasukuma samaki kuelekea iliyo chini kidogo. Hapo ndipo meza inapoandaliwa. Dimbwi lenye ukubwa wa chumba linaweza kukusanya samaki waliokuwa wametawanyika kwenye hekta nzima. Lakini dimbwi hilo halidumu. Wiki moja au mbili, limekwisha liwa au limekauka. Ndege anahitaji lingine liwe tayari kilomita chache kutoka hapo, kisha lingine. Ndiyo maana kasi ya kushuka ni muhimu kuliko kiasi cha maji. Maji yakishuka kwa kasi, madimbwi yote yanakomaa kwa pamoja na yote yanakauka kwa pamoja. Yakishuka taratibu, meza inahama kutoka pembeni kwenda katikati kwa miezi mitano, kila siku sahani moja.

Kila ndege ana kina chake, na kina hicho kimeandikwa miguuni. Kwarara mweupe, mwenye mdomo mwekundu uliopinda kama mundu, anapendelea maji yasiyozidi kama sentimita 10 au 15, anachokonoa matopeni akitafuta kamba. Yangeyange mwenye miguu myeusi na vidole vya njano, anayefanana mno na yangeyange mdogo wa kwetu, anakimbia kimbia kwenye kina kifupi na kuchezesha vile vidole kuwashtua samaki. Yangeyange mkubwa, ambaye ni yule yule wa Ziwa Victoria na wa mabwawa ya mpunga, huweza kuingia hadi sentimita 25 hivi, na anasimama kimya. Koikoi mkubwa wa buluu anafika karibu sentimita 40. Koikoi wa kijani ana miguu mifupi, kwa hiyo mara nyingi haingii. Anainama kutoka kwenye tawi, na wakati mwingine anadondosha mdudu au kipande cha jani juu ya maji kama chambo, akingoja samaki aje. Ukiwaona kwarara wamesimama mahali ambapo mwezi uliopita alikuwepo koikoi mkubwa peke yake, huna haja ya kijiti: maji yameshuka sentimita 10 au zaidi.

Mmoja anastahili kutazamwa zaidi ya wengine: korongo wa misitu, ambaye Corkscrew ilijulikana kwa ajili yake. Kimo chake ni kama mita moja, mabawa yakikunjuliwa ni zaidi ya mita moja na nusu. Mwili mweupe, kingo za mabawa nyeusi, kichwa na shingo vipara vya kijivu vyenye ngozi ya magamba, vidole vya miguu vya waridi. Aliyewahi kumtazama korongo domo-njano kwenye Ziwa Manyara amekwisha kumwona binamu yake wa karibu; wako jenasi moja, *Mycteria*, na wanavua kwa njia moja.

Njia yenyewe ni hii. Korongo anaingia kwenye maji yanayofika chini ya goti lake, mara nyingi ya matope meusi ambayo hakuna jicho linaloweza kupenya. Anafungua mdomo kiasi cha upana wa vidole vitatu au vinne, anauchovya mpaka karibu na macho, anaanza kutembea polepole huku akiupeleka kushoto na kulia. Mguu mmoja anautanguliza na kuutikisa kwenye tope kama mtu anayetafuta sarafu kwa vidole vya miguu. Pengine anafungua bawa moja ghafla. Samaki anashtuka, anakimbia, anagusa upande wa ndani wa mdomo, na mdomo unafunga. Kufunga huko kumepimwa: ni takriban milisekunde 25, haraka kuliko mtu anavyopepesa jicho. Halafu kichwa kinarushwa nyuma, shingo inatuna mara moja, mdomo unarudi majini.

Ustadi huo una gharama. Korongo havui kwa macho, anavua kwa mguso, kwa hiyo maji machafu na magugu havimzuii. Lakini mguso unahitaji msongamano. Samaki wakiwa wachache, yangeyange bado anaweza kumwona mmoja na kumnyatia. Korongo atafagia maji saa nzima bila kuguswa na kitu. Ndiyo sababu yeye ndiye wa kwanza kuacha kiota mambo yakiharibika, na ndiyo sababu watu wa hifadhi wanamtumia kama kipimo cha afya ya kinamasi chote.

Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kwamba familia moja, wazazi wawili na makinda wao, hula kama kilo 200 za samaki katika msimu mmoja wa kulea. Jozi 1,000 zinahitaji tani 200. Hizo zote zitoke kwenye visamaki vya urefu wa kidole, kutoka maji yasiyofika goti, ndani ya masafa ambayo mzazi anaweza kwenda na kurudi. Bahati nzuri masafa hayo ni makubwa. Korongo hapigi mabawa njia nzima. Anangoja jua liipashe ardhi moto, saa tatu au saa nne asubuhi, hewa ianze kupanda, kisha anajizungusha juu kwa juu bila kupiga bawa na kuteleza kwa makumi ya kilomita. Yangeyange na koikoi wanakuwa wamekwisha kutangulia. Wao hufika alfajiri, na wana sababu: usiku hakuna mmea unaotoa oksijeni majini, kwa hiyo karibu na mapambazuko dimbwi dogo linakuwa na hewa kidogo kuliko saa yoyote, na samaki wanapanda juu kuvuta pumzi. Anayevua kwa macho anawakuta wamejianika.

Tuje kwenye kalenda, maana hapo ndipo Corkscrew inapoumia. Korongo hutaga mayai 2 hadi 5, kwa kawaida 3. Kuatamia ni takriban mwezi mmoja. Makinda hukaa kiotani karibu miezi miwili, kisha kwa wiki kadhaa wanajifunza kuruka na kurudi kulishwa. Jumla ni kama siku 110 hadi 120 ambazo chakula hakitakiwi kukatika. Anayeanza katikati ya Desemba humaliza katikati ya Aprili, wakati madimbwi bado yanaendelea kukomaa. Anayeanza mwisho wa Februari atakuwa na makinda wasioruka mwishoni mwa Mei na mwanzo wa Juni, na hapo ndipo msimu wa mvua huingia. Mvua mbili kubwa zinatosha kuwatawanya samaki wote. Makinda wanakufa njaa wakiwa juu ya maji tele.

Zamani korongo wa hapa walianza Novemba au Desemba. Siku hizi wengi huanza Januari hadi Machi. Si kwamba wamesahau tarehe. Anayeanza mapema anahitaji chakula cha mapema, na chakula cha Novemba na Desemba hutoka mahali pamoja tu: kwenye mbuga za majani za kina kifupi kabisa, zile zinazokaa na maji miezi michache kisha kukauka kabla ya nyingine zote. Sasa mbuga hizo ndizo rahisi kuliko zote kuzigeuza shamba la nyanya, bustani ya machungwa au mtaa wa nyumba zenye mabwawa ya kuogelea. Mtaro mmoja tu, zimekauka. Kwa macho ya mpita njia hazifanani hata na ardhioevu. Mwezi Machi unaweza kuzivuka na viatu vya ngozi. Sehemu kubwa ya mbuga za namna hiyo kuzunguka Corkscrew imekwisha potea.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la kufidia mbuga kwa bwawa. Anayejaza kifusi hekta kumi za mbuga ya kina kifupi anachimba mahali pengine dimbwi lenye kina cha mita tatu na kingo zilizosimama, na kwenye karatasi hekta zinalingana. Lakini dimbwi hilo halikauki Desemba, halikusanyi samaki, na korongo akisimama pembeni mwake hatua ya pili inamzamisha. Ardhioevu ihesabiwe kwa miezi inayokaa na maji, siyo kwa eneo peke yake.

Matokeo yanaonekana viotani. Hapa palikuwa na koloni kubwa kuliko yote nchini Marekani ya korongo hawa, maelfu ya jozi kwa msimu. Katika nchi nzima, kutoka jozi kama 20,000 katika miaka ya 1930, walibaki pungufu ya 5,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1984 wakawekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kisha wakafanya jambo ambalo wengi hawakulitegemea: walihama. Walianza kujenga viota kaskazini zaidi, Georgia na South Carolina, na idadi ikapanda hadi wakashushwa daraja la hatari mwaka 2014. Kwa hesabu ya nchi nzima ni habari njema kweli. Kwa Corkscrew siyo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 imepita misimu mingi ambayo hakukuwa na kiota hata kimoja. Ndege amepona, nyumba yake ya kwanza bado ni mgonjwa, na mambo haya mawili yasichanganywe.

Adui mwingine wa kiota ni rakuni, mnyama wa usiku mwenye ukubwa wa paka mnene, mwenye vidole vinavyofungua chochote. Anapanda msaipresi bila shida na usiku mmoja anaweza kumaliza mayai ya mti mzima. Kinachomzuia ni aligeta, ndugu wa mamba mwenye pua pana na butu. Chini ya viota kukiwa na maji, aligeta hukaa hapo, na rakuni haogelei mbele ya aligeta. Ndege hulipa kodi ya ulinzi huo: kinda anayeanguka haokolewi. Maji yakikauka chini ya miti mapema, aligeta anaondoka, na koloni linaweza kufutika ndani ya siku chache. Kwa hiyo kwenye mbuga maji yashuke, na chini ya viota yabaki. Hayo mawili yanawezekana kwa pamoja endapo tu maji yanashuka taratibu.

Aligeta ana kazi ya pili. Kwa pua, makucha na mkia anachimba na kusafisha shimo lake, akisukuma tope na magugu pembeni, na Aprili shimo hilo ndilo linalobaki na maji. Kasa wa majibaridi, nyoka, fisi-maji, samaki wa mwisho na ndege wote wanakusanyika hapo. Samaki wanaonusurika shimoni ndio mbegu ya mwaka unaofuata.

Yangeyange nao wana kaburi lao katika historia hii. Mwishoni mwa karne ya 19 manyoya marefu ya mgongoni, yanayoota wakati wa kulea tu, yalipambwa kwenye kofia za wanawake wa New York, London na Paris. Mwaka 1903 aunsi moja ilifikia dola 32, wakati aunsi ya dhahabu ilikuwa haijafika dola 21. Kwa kuwa manyoya yapo wakati wa kulea peke yake, kila ndege aliyepigwa risasi aliacha makinda kiotani. Guy Bradley, mlinzi wa ndege kusini mwa Florida, aliuawa kwa risasi Julai 1905 akijaribu kuwakamata wawindaji. Corkscrew nayo iliwekewa walinzi wa viota zamani hizo. Sheria ya mwaka 1918 ya ndege wanaohama ndiyo iliyofunga biashara hiyo. Bunduki ilisimamishwa kwa sheria moja. Mitaro haijapata sheria ya namna hiyo.

Katika miti hiyo hiyo utamkuta mgeni kutoka kwetu: yangeyange wa ng'ombe. Alivuka Atlantiki kutoka Afrika mwenyewe, akaonekana kaskazini mwa Amerika Kusini katika karne ya 19, akafika Florida mwaka 1941 na kupatikana na viota mwaka 1953. Anajenga pamoja na wengine lakini hali chakula nao. Anafuata ng'ombe na kula panzi, kwa hiyo maji yakipanda au yakishuka yeye anaendelea kulea. Koloni likiwa limejaa yangeyange wa ng'ombe pekee, usiliite koloni lenye afya.

Ndani ya hifadhi yenyewe kuna kazi za mikono zisizoisha. Mierebi imeingia kwenye sehemu zilizokuwa majani, kwa sababu ya ukame mrefu na ukosefu wa moto. Mwerebi una majani mengi na unafyonza maji kuliko majani ya asili, kwa hiyo unakausha mahali panapokaushwa tayari. Kuukata peke yake hakusaidii, unachipua upya kutoka kisikini. Hufanywa hivi: mashine inaupondaponda wakati wa kiangazi, machipukizi yanapuliziwa dawa, kisha mahali hapo panachomwa moto wa kupangwa kila baada ya miaka michache. Moto huo uwashwe udongo ukiwa bado na unyevu. Ukiwashwa tope limekauka, unashuka ardhini kwenye mboji, unachoma mizizi ya misaipresi kimyakimya kwa wiki nzima, na mti wa miaka 400 unaanguka ukiwa na gome zima.

Adui mwingine ni kangaga anayetambaa, aliyeletwa kutoka ukanda wa joto wa Afrika, Asia na Australia. Anapanda mti mpaka kileleni, na moto wa kupangwa ukifika unatumia majani yake makavu kama ngazi. Dawa yake ni kukata mashada yote yanayozunguka shina kwenye usawa wa kiuno, kuyaacha ya juu yafe yenyewe, na kupulizia yale ya chini yenye mizizi. Usiyavute ya juu: vumbi lake la uzazi, yaani spora, linatawanyika, linanata kwenye nguo na viatu, nawe unalipeleka hifadhi ya jirani. Kila anayetoka eneo lenye kangaga huyu apige viatu brashi kabla ya kupanda gari.

Kwa anayekwenda kutazama, Januari hadi Machi ndiyo miezi yenye ndege wengi, darubini ya 8x42 inatosha, na njia ya mbao inataka saa mbili au tatu za mwendo wa pole. Ingia mlango ukifunguliwa uwakute wavuvi wa alfajiri. Simama kila penye maji wazi dakika kumi bila kusogea. Usikie mlio wa bundi mchana, umtafute mbizi akiwa amekunjua mabawa ayakaushe, kwani manyoya yake hulowa. Ifikapo saa nne, tazama juu: korongo wakiwa wanazunguka kwa duara bila kupiga mabawa, angalia wanateleza upande gani, huko ndiko kuna dimbwi lililokomaa.

Ikinyesha mvua kubwa ya Februari, kama inavyotokea mara nyingi miaka ya El Niño, rudi baada ya siku tano. Tazama upya mpaka wa maji kwenye shina lile lile. Kama maji yamepanda sentimita tano, angalia kwarara kwanza; watakuwa wamehama. Kisha inua darubini kwenye viota. Mzazi aliyelala juu ya mayai huonekana mgongo tu, mweupe, ukingoni mwa vijiti. Kama vijiti vipo na mgongo haupo, hesabu viota hivyo kimoja kimoja, andika tarehe na kimo cha maji, na uwape watu wa hifadhi.